Hatamu ya Ubongo: Adenosini, Vipokezi Vyake na Safari ya Tiba

Ubongo wa mtu mzima una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ambayo mwili huitumia ukiwa umepumzika, na nishati hiyo huifikia kila seli ikiwa katika umbo la kemikali iitwayo adenosini trifosfati, ambayo katika maandishi ya sayansi hufupishwa kuwa ATP. Kemikali hii imejengwa kwa adenosini iliyofungamanishwa na vikundi vitatu vya fosfati, na seli inapohitaji nguvu huvitenga vikundi hivyo, kimoja baada ya kingine, hata mwishowe ikabaki adenosini peke yake. Kwa kawaida mabaki hayo huokotwa upesi na kujengwa upya kuwa ATP. Lakini seli ikifanya kazi kupita kiasi, au ikikosa oksijeni na sukari, uvunjaji huushinda ujenzi, na adenosini huzidi ndani ya seli hata ikatokea nje. Hapo kitu kilichokuwa mabaki tu hugeuka kuwa ujumbe, kwani adenosini iliyo nje huzijulisha seli jirani kwamba akiba inapungua na kuzitaka zipunguze mwendo.

Ujumbe huo ndio unaoihusisha adenosini na maradhi mengi ya ubongo. Kifafa, kiharusi, ugonjwa wa Parkinson na ugonjwa wa Alzheimer, kila mmoja kwa njia yake, ni maradhi ambamo seli za neva husisimka kupita kiasi, au hukosa nishati, au hupoteza uwiano baina ya kusukumwa na kuzuiwa. Tangu ilipojulikana kwamba mwili una hatamu yake wenyewe ya kuutuliza ubongo, watafiti wamejitahidi kuishika hatamu hiyo na kuigeuza dawa, na juhudi zao zimefundisha jambo ambalo halikutarajiwa mwanzoni: kumpa mgonjwa adenosini yenyewe hakumfai, kwa sababu athari yake hutegemea mlango ilioupitia, mahali mlango huo ulipo na saa ambayo umefunguliwa.

Kwamba adenosini ina kazi nyingine zaidi ya nishati kulidhihirika mwaka 1929, pale Alan Drury na Albert Szent-Györgyi, wakiwa Cambridge nchini Uingereza, walipowachoma wanyama sindano zenye dondoo la misuli ya moyo na kuona mapigo ya moyo yakipungua na mishipa ya damu ikitanuka. Ubongo ulisubiri hadi mwaka 1970, Albert Sattin na Theodore Rall walipoonesha kwamba adenosini ikiwekwa juu ya vipande vya ubongo wa mnyama huongeza ndani ya seli kemikali ya ujumbe iitwayo AMP ya mzunguko, na kwamba kafeini na theofilini huzuia ongezeko hilo. Jaribio hilo lilibeba maana mbili kwa pamoja, kwani lilionesha kuwa seli za ubongo zina kitu mahsusi cha kuipokea adenosini, na kwamba kafeini hukikalia kitu hicho kabla ya mwenyewe kufika. Miaka michache baadaye Geoffrey Burnstock, ambaye mwaka 1972 alikuwa ametoa hoja kwamba ATP hutumiwa na neva kupelekeana habari, na ambaye hoja yake hiyo ilipingwa kwa muda mrefu na wanasayansi wenzake, alipendekeza mwaka 1978 kwamba vipokezi vya adenosini vitengwe na vile vya ATP, mgawanyo ambao umedumu hadi leo.

Kipokezi ni protini iliyopenya utando wa seli, upande mmoja ukitazama nje na wa pili ukitazama ndani, na molekuli inayoifaa ikijipachika upande wa nje, protini nzima hujigeuza umbo na kuamsha mfululizo wa kazi ndani ya seli bila ya molekuli hiyo kuvuka kizingiti. Vipokezi vya adenosini ni vya ukoo mkubwa wa protini zinazopita utandoni mara saba na kushirikiana na protini nyingine za ndani ziitwazo protini G, ukoo ambao utafiti wake uliwapatia Robert Lefkowitz na Brian Kobilka Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012. Viko vinne: A1, A2A, A2B na A3. A1 na A3 hupunguza AMP ya mzunguko na kwa jumla huituliza seli, ilhali A2A na A2B huiongeza na kwa jumla huichochea, kwa hiyo adenosini ileile moja yaweza kuituliza seli hii na kuiamsha ya jirani yake, kulingana na kipokezi ambacho kila moja imekibeba. A2B huhitaji adenosini nyingi sana kabla ya kuitika, na A3 ni haba katika ubongo wa binadamu. Ndiyo maana wanaotafuta tiba za ubongo huzungumzia zaidi A1 na A2A.

Kipokezi A1 kimeenea karibu kote ubongoni, hasa katika gamba la ubongo, katika hipokampasi inayoshughulikia kumbukumbu, na katika ubongo wa nyuma. Adenosini ikikifikia, seli ya neva hupunguza kiasi cha glutamati inachokitoa, nayo glutamati ndiyo kemikali kuu ya kuzichochea seli nyingine, na wakati huohuo seli yenyewe huwa nzito kusisimka. Kipokezi A2A, kinyume chake, kimejikusanya kwa wingi mkubwa mahali pamoja ndani kabisa ya ubongo, katika eneo liitwalo striatamu linalohusika na mijongeo ya mwili, ingawa hupatikana pia katika seli za kinga na katika mishipa ya damu. Mwaka 2008 wanasayansi walifanikiwa kulipiga picha kwa mionzi ya eksirei umbo la A2A, atomu kwa atomu, kikiwa kimeshikana na molekuli inayokizuia, na tangu hapo wabunifu wa dawa wamekuwa wakiitazama nafasi ambayo dawa inapaswa kuijaza badala ya kuikisia.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua kazi ya vipokezi hivi bila ya kulijua jina lake. Anayekunywa kahawa chungu barazani, au Mhaya wa Kagera anayetafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, anaingiza mwilini kafeini, kemikali ambayo Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kutoka katika kahawa mwaka 1819 na ambayo umbo lake linafanana na adenosini kiasi cha kuweza kukaa juu ya A1 na A2A bila ya kuviamsha. Kadiri mtu anavyokaa macho ndivyo adenosini inavyozidi katika sehemu fulani za ubongo wake, jambo ambalo Tarja Porkka-Heiskanen na wenzake walilipima kwa paka mwaka 1997, na uzito wa usingizi hufuata ongezeko hilo. Kafeini haiiondoi adenosini wala haiongezi nishati. Huiziba tu masikio seli isiusikie ujumbe wa uchovu, na ikishatoka mwilini, ambako kwa mtu mzima nusu yake huondoka kwa muda wa saa 5 hivi, ujumbe huo husikika tena ukiwa umekusanyika. Panya waliozalishwa bila ya kipokezi A2A hawazuiwi usingizi na kafeini, ushahidi kwamba kazi hiyo ya kukesha hupitia kipokezi hicho hasa.

Maarifa haya yamezaa dawa iliyoidhinishwa katika ugonjwa wa Parkinson, na hapo ndipo panapofaa kukaa kwa kituo. Ugonjwa huu, ambao daktari James Parkinson wa London aliueleza katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1817, hutokana na kufa polepole kwa seli zinazotengeneza dopamini katika sehemu ndogo ya shina la ubongo iitwayo substansia nigra. Seli hizo hupeleka dopamini katika striatamu, na striatamu hutoa njia mbili za amri, moja ya kuruhusu mjongeo na nyingine ya kuuzuia. Dopamini huichochea njia ya kuruhusu kupitia kipokezi chake kiitwacho D1, na huituliza njia ya kuzuia kupitia kipokezi kingine kiitwacho D2, hata mtu akaweza kunyanyua kikombe bila ya mkono mzima kukakamaa wala kuparaganyika. Dopamini ikipungua, njia ya kuzuia hubaki bila wa kuituliza, naye mgonjwa hukakamaa viungo, huchelewa kuanza hatua, uso wake hupoteza uchangamfu, na mara nyingi mkono hutetemeka ukiwa umetulia.

Seli za njia hiyo ya kuzuia ndizo zilizobeba vipokezi A2A kwa wingi, vikiwa vimepangana na D2 katika utando mmoja, na kazi za vipokezi hivyo viwili hupingana, kwa kuwa D2 huituliza seli na A2A huichochea. Kjell Fuxe wa Stockholm na wenzake wamefika mbali zaidi kwa kuonesha kwamba A2A na D2 huweza kushikamana na kufanya kazi kama jozi, kimoja kikiamshwa hupunguza mshiko wa mwenzake. Hapa ndipo neno hatamu linapohitaji kufafanuliwa, kwa sababu katika striatamu adenosini huuzuia mwili kwa njia ya kuichochea seli, kwa kuwa seli inayochochewa yenyewe kazi yake ni kuzuia. Kwa mtu mwenye afya dopamini na adenosini huvutana kwa uwiano, lakini kwa mgonjwa wa Parkinson upande mmoja wa kamba umelegea na adenosini huvuta karibu peke yake. Wazo la kuziba A2A lilizaliwa hapo: dopamini ikiwa haiwezi kurudishwa yote, basi apunguzwe nguvu yule anayeshindana nayo.

Wazo hilo lilihitajika kwa sababu tiba kuu ya ugonjwa huu, pamoja na ubora wake, huchakaa mkononi mwa mgonjwa. Levodopa, kemikali ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, ilianza kutumiwa kwa mafanikio makubwa katika miaka ya 1960, hasa baada ya George Cotzias kuonesha mwaka 1967 kwamba dozi kubwa zilizoongezwa polepole huwarudishia wagonjwa uwezo wa kutembea. (Levodopa si mgeni kabisa katika mimea ya Afrika, kwani mbegu za upupu, ule mmea ambao maganda yake huwasha ngozi, zinayo kwa kiasi kikubwa, ingawa kipimo chake hubadilika mno kutoka mbegu hadi mbegu kiasi kwamba kujitibu kwazo ni hatari.) Baada ya miaka kadhaa ya kuitumia, hata hivyo, wagonjwa wengi huona dawa ikiisha nguvu kabla ya saa ya kidonge kinachofuata, wakabaki wamekakamaa kwa saa nzima au zaidi, na dozi ikiongezwa ili kuziba pengo hilo, mwili huanza kujinyonganyonga bila ya hiari. Dawa inayopita nje ya njia ya dopamini ingekuwa msaada wa kweli kwa watu hao.

Kabla ya dawa hiyo kupatikana, kahawa ilikuwa imeshatoa ishara yake. Mwaka 2000 ulichapishwa uchunguzi wa wanaume 8,004 wa asili ya Kijapani walioishi Hawaii na kufuatiliwa kwa miaka 30, ambao 102 kati yao walipata ugonjwa wa Parkinson, na ikaonekana kwamba wasiokunywa kahawa kabisa waliupata kwa kiwango kinachokaribia mara 5 ya wale waliokunywa nyingi zaidi. Mwaka uliofuata Jiang-Fan Chen, Michael Schwarzschild na wenzao wa Boston walionesha kwamba kafeini hulinda seli za dopamini za panya waliopewa sumu ya MPTP, sumu inayoleta dalili za Parkinson, na kwamba kuziba A2A au kukiondoa kabisa kipokezi hicho huleta kinga inayofanana. Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kikombe cha kahawa ni dawa, lakini jaribio la kitabibu la Ronald Postuma na wenzake, lililochapishwa mwaka 2017 na kuwahusisha wagonjwa 121 waliopewa kafeini au kidonge kisicho na dawa, halikuona nafuu yoyote ya maana katika mijongeo yao. Tofauti hiyo haishangazi sana, kwa kuwa kukingwa kabla ya ugonjwa na kutibiwa baada ya seli nyingi kufa ni mambo mawili, na huenda watu wanaoelekea kuugua hupoteza mapema hamu ya kahawa, jambo ambalo lingeifanya takwimu ionekane nzuri kuliko ilivyo.

Dawa yenyewe ilitoka Japani. Kampuni ya Kyowa Hakko ilitengeneza molekuli iitwayo istradefilini, ambayo tofauti na kafeini huchagua A2A na kukiacha A1, na baada ya majaribio marefu Japani iliiidhinisha mwaka 2013. Marekani iliikataa mwaka 2008, ikaitazama upya, na mwezi Agosti 2019 ikairuhusu itumiwe pamoja na levodopa kwa watu wazima wenye vipindi vya dawa kuisha nguvu, kwa kutegemea majaribio 4 ya wiki 12 yaliyojumuisha washiriki 1,143. Faida iliyopimwa ni kupungua kwa muda wa kukakamaa kwa kiasi cha saa moja hivi kwa siku, au pungufu kidogo, ukilinganisha na kidonge kisicho na dawa. Athari zake ni pamoja na kuongezeka kwa mijongeo isiyo ya hiari, kizunguzungu, kufunga choo, kichefuchefu, kukosa usingizi na kuona visivyokuwepo. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilizipitia takwimu na kuikataa mwaka 2021, kwa hoja kwamba matokeo ya majaribio hayakukubaliana na kwamba faida haikuongezeka dozi ilipoongezwa.

Saa moja au pungufu kidogo kwa siku huonekana kitu kidogo kwa mtu mzima wa afya, na wakosoaji wa Ulaya walikuwa na haki ya kudai ushahidi uliolingana zaidi. Lakini kwa mtu ambaye saa hiyo ndiyo inayotenganisha kujilisha mwenyewe na kulishwa, faida hiyo haifai kudharauliwa, hasa kwa kuwa hupatikana bila ya kuongeza levodopa. Zaidi ya hayo, istradefilini ikitumiwa peke yake haikuthibitika kufaa, jambo linalolingana na maelezo yaliyotangulia, kwani kumpunguza nguvu mshindani wa dopamini hakusaidii sana pasipokuwa na dopamini ya kutosha ya kushindana.

Ndugu zake istradefilini hawakufika mbali. Preladenanti, iliyokuwa ikitengenezwa na kampuni ya Merck, iliachwa mwaka 2013 baada ya majaribio makubwa kutoonesha nafuu. Tozadenanti ilisimamishwa mwezi Novemba 2017, ikiwa katika hatua ya mwisho ya majaribio, baada ya baadhi ya wagonjwa kupungukiwa vibaya na chembechembe nyeupe za damu na kufa kwa maambukizi. Yaliyowapata wagonjwa hao yanakumbusha kwamba A2A hakikai striatamu peke yake, na kwamba molekuli yoyote inayomezwa hutembea mwili mzima, hata kama lengo lake ni eneo dogo la ubongo, na madhara yake mengine hayatabiriki kwa kuutazama mlango uliokusudiwa tu.

Kuna umbali mwingine ambao hauonekani katika ripoti za majaribio. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulipitia jamii ya watu zaidi ya 161,000 na kuwapata 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao wengi wao hawakuwahi kuambiwa ugonjwa wao ni nini wala kupewa matibabu. Kwa familia zilizouchukulia utetemekaji wa mzee kuwa uzee tu, swali la kuziba A2A haliji kwanza wala la pili. Linakuja baada ya kutambuliwa kwa ugonjwa, na baada ya levodopa kupatikana dukani kila mwezi kwa bei ambayo mtu anaweza kuilipa, kwa sababu istradefilini ni nyongeza ya levodopa na haiwezi kusimama badala yake.

Kifafa kinaipindua hesabu hii yote. Katika Parkinson kinachotafutwa ni kuinyamazisha adenosini katika A2A; katika kifafa kinachotafutwa ni kuisaidia katika A1, kwani degedege ni seli nyingi za neva zinazofyatuka kwa pamoja, na A1 ndicho kipokezi kinachozipoza. Mwaka 1992 Matthew During na Dennis Spencer wa Chuo Kikuu cha Yale walipima maji yaliyozunguka seli katika hipokampasi za wagonjwa wachache wa kifafa waliokuwa wakijiandaa kwa upasuaji, wakaona adenosini ikipanda kati ya mara 6 na mara 31 wakati wa degedege na kubaki juu baada ya degedege kukoma, dalili kwamba ubongo wenyewe hutumia adenosini kuuzima moto uliouwasha. Ushahidi wa upande wa pili umo katika wodi za hospitali za kawaida: theofilini na aminofilini, dawa za zamani za pumu ambazo zimetumiwa sana Afrika Mashariki, huviziba vipokezi vya adenosini kama kafeini, na dozi ikizidi huleta degedege ambalo huwa gumu kulizima.

Kinachomaliza adenosini baada ya kazi yake ni kimeng'enya kiitwacho adenosini kinasi, ambacho katika ubongo wa mtu mzima hukaa zaidi katika astrositi, seli zenye umbo la nyota zinazozihudumia neva. Mahali palipopata kovu, astrositi hujaa na kimeng'enya hicho huongezeka, na adenosini ya mahali hapo huisha upesi kuliko inavyohitajika. Detlev Boison na wenzake wamejenga juu ya jambo hili nadharia kwamba kifafa kwa sehemu ni ukosefu wa adenosini mahali mahali, na wamejaribu kwa wanyama kuipandikiza adenosini ndani ya ubongo kwa kutumia nyuzi za hariri zinazoyeyuka polepole. Mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, ambao umetumiwa kutibu kifafa cha watoto tangu mwaka 1921, nao umeonekana kwa panya kuzuia degedege kwa kukiongezea A1 kazi, utafiti uliochapishwa na Susan Masino na wenzake mwaka 2011.

Sababu ya kuhangaika na hariri na mlo, badala ya kumpa mgonjwa kidonge kinachoamsha A1, ni moyo. A1 hichohicho kimo katika moyo, na kikiamshwa hupunguza mapigo na kuushusha msukumo wa damu. Ndiyo maana madaktari hutumia sindano ya adenosini kuukatisha ghafla mwendo wa kasi usio wa kawaida wa moyo, wakitegemea kwamba dawa hiyo huisha katika damu kwa chini ya sekunde 10. Molekuli ya kuamsha A1 inayodumu saa nzima ingemlinda mgonjwa na kifafa huku ikimwangusha kwa presha. Katika kiharusi kizuizi hikihiki kipo, tena na kingine juu yake, kwani adenosini hupanda yenyewe damu ikikatika, na muda wa kuingilia kati ni mfupi. Katika ugonjwa wa Alzheimer A2A huongezeka katika hipokampasi na kuziba kipokezi hicho kumeboresha kumbukumbu za panya, lakini hakuna dawa ya aina hiyo iliyokwisha kuidhinishwa kwa binadamu wenye ugonjwa huo.

Tiba ya ubongo iliyofaulu kuliko zote kwa njia ya vipokezi hivi haikumhusu mzee hata mmoja. Mtoto njiti, aliyezaliwa miezi kadhaa kabla ya wakati, ana shina la ubongo ambalo halijakomaa, na mara kwa mara husahau kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, oksijeni ikashuka na moyo ukapunguza mapigo. Adenosini inayojikusanya wakati huo huyazuia zaidi mapafu yasipewe amri, na kafeini, kwa kuviziba A1 na A2A katika shina la ubongo, huirudisha amri hiyo. Jaribio kubwa lililoongozwa na Barbara Schmidt kutoka Kanada liliandikisha watoto 2,006 wenye uzito wa kati ya gramu 500 na 1,250. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2006 na 2007, yalionesha kwamba waliopewa kafeini walipata ugonjwa sugu wa mapafu kwa asilimia 36, wakati wenzao walifikia asilimia 47, na kwamba walipotimiza umri wa miezi 18 hadi 21 ulemavu wa viungo utokanao na madhara ya ubongo ulikuwa asilimia 4.4 badala ya 7.3. Tofauti hiyo haikubaki kwa nguvu ileile katika kila kipimo watoto walipokua, lakini walipofikia umri wa miaka 11 bado waliopewa kafeini walikuwa na matatizo machache zaidi ya mijongeo.

Kafeini sitrati, kama dawa hiyo inavyoitwa, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na nyumba ya watoto njiti yenye dawa hiyo haihitaji mashine ya kuitoa, kwani hupewa mara moja kwa siku kwa mdomo au kwa mshipa. Ini la mtoto huyo bado ni changa mno, kiasi kwamba nusu ya kafeini, ambayo kwa mama yake huondoka kwa saa 5, kwake huchukua siku 3 au 4. Kwa hiyo dozi ya kwanza huwa kubwa, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, na zinazofuata huwa robo yake au nusu yake. Muuguzi huendelea kuhesabu pumzi hadi mtoto anapotimiza wiki 34 hivi tangu mimba ilipoanza kuhesabiwa, shina la ubongo wake likaanza kukumbuka kupumua lenyewe, na dawa husimamishwa.